Udongo Unaokula Mifupa

Ukitoka Kolwezi ukaelekea magharibi, kilomita 25 hivi, unafika nchi ya mto Kamoa. Siku hizi ukilitaja jina hilo mkoani Lualaba watu wanawaza shaba, maana mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza kutoa shaba mwaka 2021 na hapo hapo ukahesabiwa kati ya migodi mikubwa ya dunia. Lakini Kamoa ilikwisha kuingia vitabuni miaka mingi kabla ya mgodi. Mwaka 1975 jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lilichapisha kitabu kizima cha mwanaakiolojia Daniel Cahen juu ya mawe yaliyofukuliwa kando ya mto huo. Hayakuwa mawe ya madini. Yalikuwa mashoka ya mkono, yaliyochongwa na viumbe waliotutangulia kwa malaki ya miaka.

Shoka la mkono halina mpini. Ni jiwe lenye umbo la kokwa ya embe, limechongwa pande zote mbili mpaka likapata ncha na makali, na upande wa chini limeachwa nene ili likae kiganjani. Ukilishika, lenyewe linakuonyesha linavyotaka kushikwa: gumba linalala upande huu, vidole vinne upande ule, na uzito wote unashuka kwenye ncha. Sokwe hawezi kulishika hivyo. Gumba lake ni fupi, na vidole vyake virefu vimezoea kuning'inia matawini. Basi jiwe peke yake, bila mfupa wowote, limekwisha kutusimulia mwili: mkono ulioachana na miti, bega linalogonga kwa shabaha, jicho linaloliona umbo ndani ya jiwe kabla halijatoka, ubongo unaojua pigo la kumi litaangukia wapi wakati la kwanza bado halijapigwa. Kati ya mashoka ya kale zaidi ya aina hii ni yale yaliyotoka magharibi ya ziwa Turkana, Kenya, na umri wake ni miaka milioni 1.76. Ufundi huo ukadumu zaidi ya miaka milioni moja. Ukafika Isimila karibu na Iringa, ukafika maporomoko ya Kalambo mpakani mwa Tanzania na Zambia, ukafika Kamoa.

Sasa muulize Cahen: aliyechonga mashoka ya Kamoa alikuwa na sura gani? Paji lake la uso lilikuwaje? Alikufa akiwa na umri gani, na kwa ugonjwa gani? Kitabu hakina jibu, na kosa si la mwandishi. Udongo wa kule umeosha kila kitu isipokuwa jiwe.

Ni udongo mwekundu, ulionyeshewa na mvua za masika yasiyo na hesabu, na una asidi. Mfupa ni madini ya chokaa na fosfati yaliyofumwa pamoja na nyuzi za protini. Protini inaliwa na bakteria, chokaa inayeyuka polepole katika maji yenye asidi, kama ganda la yai lililoachwa usiku kucha ndani ya maji ya ndimu. Maiti aliyezikwa hapo akipita karne nyingi anabaki kivuli tu kwenye mchanga, kisha hata kivuli kinatoweka. Olduvai, Tanzania, ni habari nyingine. Kule volkano zilimwaga majivu, majivu yakafunika mifupa kama blanketi, na kemia yake ikailinda. Ndiyo sababu mwanaakiolojia Mary Leakey aliweza kuliona fuvu la miaka karibu milioni 1.75 mwaka 1959, na ndiyo sababu watoto wa shule wa Afrika Mashariki wanazijua Olduvai, Laetoli na Turkana.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Katika ramani nyingi za chimbuko la mwanadamu, vitone vimejaa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, na Kongo imeachwa nyeupe. Mtoto wa Kolwezi anayeiangalia ramani hiyo anaelewa kwamba historia ya mwili wake ilitokea kwa watu wengine, kisha ikaletwa kwao. Ramani ile haionyeshi watu waliishi wapi. Inaonyesha mifupa ilisalimika wapi. Mawe ya Kamoa ni ushahidi kwamba walikuwapo, wakala, wakachonga, wakalea watoto mahali ambapo leo magari makubwa ya mgodi yanapita usiku na mchana.

Hata mawe yenyewe yanataka kusomwa kwa uangalifu. Cahen huyo huyo, akichunguza mawe ya eneo la Gombe mjini Kinshasa, alijaribu kuyarudishia vipande vyake kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Akakuta vipande vilivyobanduliwa kutoka jiwe moja, kwa mkono mmoja, vimetengana kwa kina kikubwa ardhini, kana kwamba kimoja ni cha babu na kingine cha mjukuu wa mjukuu. Mwaka 1977 yeye na Jan Moeyersons wakatangaza kwamba mchanga wa Afrika ya Kati hautulii: mchwa, mizizi na maji huzamisha mawe kidogo kidogo. Wengi waliokuwa wakihesabu zama kwa kina cha shimo ilibidi warudi kuhesabu upya.

Jambo la kushangaza ni kwamba mfupa mmoja mkubwa wa ukanda huu wa madini ulihifadhiwa na madini yenyewe. Reli iliyotoka kusini ilifika Broken Hill mwaka 1906, ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kupitia njia hiyo Katanga ikafunguliwa. Broken Hill ndiyo Kabwe, Zambia. Kulikuwa na kilima cha risasi na zinki, na ndani yake pango lililojaa mifupa ya wanyama. Wachimbaji waliibeba pamoja na mbale bila kujali. Tarehe 17 Juni 1921 Mswisi Tom Zwiglaar, pamoja na msaidizi wake Mwafrika ambaye hakuna aliyeandika jina lake, waligonga sehemu laini, na kitu cha mviringo kikawatazama. Lilikuwa fuvu la mtu, karibu zima, limejaa zinki hata udongo haukupata pa kulila.

Litazame fuvu hilo kwa karibu. Juu ya macho kuna matuta mawili mazito ya mfupa, yameungana kama kingo za paa. Paji limelala nyuma. Uso ni mpana na mrefu. Lakini nafasi ya ubongo ni karibu sentimita za ujazo 1,280, kiasi ambacho watu wengi wanaotembea leo barabarani wanacho. Meno kumi ya juu yameoza, mengine hadi kwenye mzizi. Huyu mtu alilala usiku mwingi akishika shavu. Kwangu mimi maumivu hayo yanamsogeza karibu kuliko kipimo chochote cha ubongo.

Wataalamu wakampa jina la Rhodesia, koloni la wakati ule, wakamsafirisha London, na huko yuko mpaka sasa ingawa Zambia imedai arudishwe. Kwa miaka mingi walidhani ana nusu milioni ya miaka na ni babu yetu wa moja kwa moja. Mwaka 2020 Rainer Grün na wenzake wakapima upya na kupata miaka 299,000, pungufu au zaidi 25,000. Hapo hesabu ikageuka, maana mwaka 2017 mifupa ya Jebel Irhoud, Moroko, ilikwisha kuonyesha kwamba watu wenye nyuso kama zetu walikuwapo miaka 300,000 hivi iliyopita. Basi mtu wa Kabwe hakuwa babu aliyetungoja mwanzoni mwa mstari. Alikuwa mtu wa zama zile zile. Afrika ya wakati huo ilikuwa na zaidi ya namna moja ya kuwa mtu, na sisi tumetoka katika mchanganyiko ambao bado hatujaumaliza kuufumbua.

Turudi Lualaba, tuufuate mto wenye jina hilo. Kutoka nyanda za Kolwezi unapita bwawa la Nzilo, unateremka hadi Bukama ambako reli ilifika mwaka 1918, kisha unatapakaa katika bonde la Upemba: maziwa, mafunjo, visiwa vinavyoelea, samaki. Kando ya ziwa Kisale kuna mahali panaitwa Sanga. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alianza kuchimba pale, mwaka uliofuata akafuata Jean Hiernaux, na kuanzia 1974 Pierre de Maret. Walikuta makaburi juu ya makaburi, ya watu waliozikwa tangu kabla ya karne ya 8 hadi karne ya 18 hivi. Kwa udongo ulivyo, mifupa mingi imeharibika, lakini hii si ya malaki ya miaka. Imebaki ya kutosha kusema.

Walizikwa na vyungu, na ndani ya baadhi mkawa na mabaki ya samaki. Walizikwa na mikufu, vikuku vya shaba, mashoka ya chuma, pembe za ndovu, hata simbi za bahari ya Hindi zilizosafiri bara zima mkono kwa mkono. Shaba haipatikani Kisale. Ilitoka kusini, kwenye vilima vya Lualaba na Katanga ya juu, ambako watu wameyeyusha malakiti tangu karne ya 4 au ya 5, na wahunzi wake baadaye wakaitwa walaji wa shaba. Katika makaburi ya karne ya 14 na kuendelea shaba imekuwa misalaba midogo. Ya kwanza iliwekwa kifuani. Ya baadaye ikazidi udogo na kuwekwa mikononi, karibu na viganja, jinsi mtu anavyoshika pesa. De Maret ameona ndani yake mali ya heshima ikigeuka sarafu.

Ila kitu kinachonikaa moyoni katika Sanga ni vyungu vya watoto. Makaburi ya watoto ni mengi, na vyungu vilivyowekwa ndani yake vilifinyangwa kulingana na umri: kwa mtoto mdogo chungu kidogo, kwa mkubwa kikubwa. Vingi havina dalili ya kupikiwa. Huenda mtu aliketi chini na udongo mbichi mtoto alipofariki, akafinyanga chungu cha kutosha kushikwa na vidole vile. Na kwa nini watoto wafe kwa wingi namna hiyo katika nchi yenye samaki, mashamba na mali? Jean Hiernaux alikuwa mtu wa kuuliza maswali ya namna hiyo, kwa sababu hakuwa mwanaakiolojia kwanza. Alikuwa mpimaji wa miili.

Neno mpimaji halina historia nzuri katika nchi hizi. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilileta vijana kutoka Rhodesia, Nyasa, Kasai na Rwanda-Urundi, na nyanda za baridi za Katanga zikawaua wengi kwa nimonia na kuhara. Kuanzia 1928 kampuni ikabadili mwendo: wake waje, watoto wazaliwe kambini. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia idara ya wafanyakazi Waafrika, aliusimamia mpango huo kwa mizani na posho ya chakula. Mtoto mchanga alipimwa uzito kwa sababu alikuwa mchimbaji wa kesho. Watoto waliishi kuliko zamani, hilo ni kweli na lisemwe. Lakini ulikuwa uzima wa hesabu. Upande wa Rwanda na Burundi wapimaji wengine walipima pua na mafuvu, wakatumia milimita kuwagawa watu katika jamii za juu na za chini, na mgawo huo ukaandikwa kwenye vitambulisho. Damu iliyomwagwa kwa sababu ya karatasi zile Wakongo wa mashariki wanaijua bila kusimuliwa.

Hiernaux naye alipima maelfu ya watu wa Rwanda, Burundi na Kongo katika miaka ya 1950: urefu, uzito, upana wa pua, makundi ya damu. Tofauti yake ni kwamba aliziamini namba zake kuliko alivyofundishwa. Alipozilinganisha, hakuona mipaka. Aliona miteremko. Ukitoka kwenye joto kavu kwenda kwenye unyevu wa msitu, umbo la pua linabadilika kidogo kidogo. Ukipanda kwenye baridi, uzito unaongezeka kidogo kidogo. Na kila sifa inafuata njia yake yenyewe, haiisubiri nyingine. Pua inafuata ukavu wa hewa kwa sababu kazi yake ni kulainisha pumzi kabla haijafika mapafuni. Ukichagua pua utachora mpaka huu, ukichagua kundi la damu utachora ule, na mipaka hiyo haipatani. Kwa hiyo neno mbari kama aina ya maumbile, alilokuja nalo kutoka Ulaya, akalitupa. Agosti 1964 UNESCO iliwakutanisha mjini Moscow wataalamu wa biolojia ya mwanadamu kutoka nchi mbalimbali, na Hiernaux akiwamo. Wakatamka kwamba watu wote walio hai ni spishi moja na wametoka shina moja. Waliotamka hivyo hawakuwa wahubiri. Walikuwa watu waliopima sana.

Swali la watoto wa Sanga, hata hivyo, halijibiki kwa rula. Linajibika kwa damu, na jibu lake lilianza kupatikana Kenya.

Anthony Allison alikulia Kenya, katika familia ya walowezi, akasomea udaktari Oxford. Mwaka 1949 alirudi na msafara wa wanafunzi, akakusanya damu ya watu wa pwani, wa nyanda za juu na wa kando ya ziwa Victoria. Jaribio ni jepesi: tone la damu kwenye kioo, dawa inayonyonya oksijeni, kifuniko, kungoja. Chembe nyekundu za kawaida zinabaki duara kama sahani. Za watu wengine zinaanza kujikunja, zinanyooka, zinakuwa na ncha mbili kama mundu. Tanzania ugonjwa unaotokana na chembe hizi unaitwa selimundu. Kongo wanasema kwa herufi, SS. Allison aliona kwamba pwani na ziwani zaidi ya mtu mmoja katika watano ana chembe za mundu, wakati nyanda za juu za Kenya ni nadra kumpata hata mmoja katika mia. Akaiweka ramani hiyo kando ya ramani ya malaria, zikalingana.

Chanzo ni kitu kidogo mno. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni, ina mnyororo wa asidi amino 146. Katika nafasi ya sita moja tu imebadilishwa na nyingine. Asiye na badiliko hilo anaitwa AA. Mtoto akilirithi kwa mzazi mmoja anaitwa AS, na kwa kawaida anaishi bila kujua. Akilirithi kwa wazazi wote wawili ni SS: oksijeni ikipungua himoglobini inashikana na kuwa nyuzi, chembe inakuwa mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa yasiyoonekana kwa nje. Léopoldville, Kinshasa ya leo, madaktari J. na C. Lambotte-Legrand walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1950 kwamba watoto wa SS walikufa karibu wote kabla ya kuzaa. Jeni linaloua namna hiyo lingepaswa kupungua kila kizazi. Mbona halikupungua?

Mwaka 1953 Allison alirudi Afrika Mashariki. Mjini Nairobi wanaume Waluo 30 walikubali kuambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na chembe za mundu, 14 walionekana na vimelea damuni. Kati ya 15 wenye AS, wawili tu. Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu jaribio hilo, na majina ya wanaume wale hayamo katika vitabu vya biolojia ambavyo miili yao imevijenga. Kampala akawachunguza watoto pia, na mwaka 1954 akachapisha hitimisho: AS inamkinga mtoto na malaria kali. Familia inalipa kwa mtoto wa SS kile inachopata kwa ndugu zake wa AS. Ulikuwa mfano wa kwanza uliothibitishwa wa uteuzi wa asili ukifanya kazi ndani ya mwanadamu, kwa jeni linalojulikana na ugonjwa unaojulikana.

Utafiti wa Daniel Shriner na Charles Rotimi wa mwaka 2018 unaliweka badiliko hilo miaka 7,300 hivi iliyopita, kwa mtu mmoja, mahali fulani Afrika, wakati Sahara ilikuwa na maji. Wajukuu zake wakalibeba. Waliposafiri wakulima na wavuvi waliosema lugha za Kibantu, wakafyeka misitu, wakakaa pamoja kwa wingi kando ya maji yaliyotuama, mbu wakapata makao na jeni likapata faida. Na ni mahali gani pangefaa kuliko Kisale, maziwa na mafunjo, vijiji vilivyosongamana kwa ajili ya samaki? Hatuna damu ya watoto wa Sanga. Tunayo damu ya watoto wa leo. Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga 31,204 nchini Kongo na kuchapisha matokeo mwaka 2009: asilimia 16.9 walikuwa AS, asilimia 1.4 SS. Udongo ulikula mifupa, lakini haukufika kwenye damu, kwa kuwa damu haikuzikwa. Ilipita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, vizazi mia kadhaa, na bado inatembea sokoni Manika, Kolwezi, ikinunua unga wa bukari na sombe.

Siku hizi vijana wengine wa Kolwezi na Lubumbashi wanaulizana kabla ya harusi: wewe ni AA au AS? Wapo wanaoachana kwa jibu. Wapo wanaooana hivyo hivyo na kuomba Mungu. Sina neno la kumhukumu yeyote kati yao. Ninalojua ni kwamba mama wa mtoto wa SS mara nyingi anaambiwa amelogwa, au kwamba ukoo wake una laana, na yeye amebeba kinga iliyowafikisha hao wanaomsema. Dawa ya haidroksiurea, iliyojaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale na kutangazwa Desemba 2018, ilipunguza maumivu, malaria na vifo. Inamezwa kila siku, kwa hiyo inataka kununuliwa kila mwezi.

Vilima vya shaba vyenyewe vina historia kama hiyo. Panda kilima cha asili ambacho hakijakatwa, utaona msitu wa miombo unasimama ghafla na juu kumebaki nyasi na vimea vifupi. Shaba nyingi ni sumu kwa mizizi. Lakini kuna mimea iliyozoea. Haumaniastrum katangense, ua dogo ambalo watafiti waliliita ua la shaba, linamea penye shaba nyingi hata wachimbaji wa kikoloni walilitumia kutafuta mbale, na wanaakiolojia kutafuta matanuri ya kale. Crotalaria cobalticola, jamaa ya marejea, inastahimili udongo wenye kobalti. François Malaisse alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuihesabu mimea hii kilima kwa kilima. Ilikuwa na muda. Kila kizazi mbegu nyingi zilikufa na chache zikabaki, kwa maelfu ya miaka, mpaka mmea ukajua kuishi na sumu.

Mwanadamu wa Lualaba hakupewa muda huo. Mwaka 2014 mtu mmoja katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, alichimba kwenye kiwanja chake akakutana na heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Kwa muda mfupi mtaa mzima ukawa mashimo: jikoni, sebuleni, uani, vijana wakishuka kwa kamba hadi kina cha mita nyingi. Mwili uliosimama wima ili upunguze jua na utazame mbali ukawa unajikunja ndani ya handaki lisilotosha mabega. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na mamia ya familia zikahamishwa. Nyingine zikabaki nje ya ukuta, na vumbi nalo.

Kobalti si mgeni kabisa mwilini. Katikati ya vitamini B12 kuna atomu moja ya kobalti, na bila vitamini hiyo hatutengenezi damu. Tunahitaji mikrogramu 2.4 tu za B12 kwa siku, na tunazipata kwenye samaki, mayai, nyama. Kobalti tupu ndiyo shida. Ndani ya seli zetu kuna kifaa cha zamani sana kinachopima oksijeni, tunachoshiriki na wanyama wengine. Waliokifumbua walipata Nobel mwaka 2019. Kobalti inakidanganya. Seli zinadhani hewa imekwisha, figo zinatuma homoni, uboho unaongeza chembe nyekundu, kana kwamba mtu amepanda mlimani. Madaktari wa zamani waliitumia hata kutibu upungufu wa damu. Kisha miaka ya 1965 na 1966 wanywaji wa bia mjini Quebec, Kanada, walianza kufa kwa moyo kupanuka; bia ilikuwa imetiwa chumvi ya kobalti ili povu lidumu.

Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery na wenzao wa Leuven, waliingia Kasulo na vichupa vya mkojo, wakafagia vumbi sakafuni, wakapima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi ya watoto wa mtaa usio na mgodi, na kuwapita watu wazima, pamoja na dalili za DNA kuumizwa. Mtoto yuko karibu na ardhi. Anatambaa juu yake, anaichora kwa kidole, na kidole kinakwenda mdomoni.

Figo husukuma kobalti nje haraka. Sehemu kubwa ya iliyoingia leo hutoka kwa siku chache, na mtoto akiondolewa kwenye vumbi, mkojo wake hupungua kobalti siku hadi siku. Alfajiri mama anatoka na ufagio wa chelewa, anainama, anafagia uani kabla jua halijawa kali, na mtoto amekaa kizingitini akimtazama, vumbi jekundu likipanda mpaka magotini.